Presi ya mkono ya beringi za pikipiki: uzoefu wangu

Beringi ya gurudumu la mbele ilinifia mara mbili ndani ya miezi miwili. Nafanya boda hapa Busia, Uganda, na abiria walishaanza kuuliza mbona pikipiki inanguruma. Mara zote mbili fundi aliipachika kwa nyundo, akigonga pete ya ndani. Pete ya nje ndiyo inayobana kwenye habu, yaani kitovu cha gurudumu, kwa hiyo ukigonga ya ndani kishindo chote kinapita kwenye gololi, na gololi zinaacha vishimo kwenye njia yake. Kwa macho beringi ni mpya, kumbe imeshakufa.

Nilipokwenda Kampala nikapitia soko la vipuri la Kisekka, nikanunua presi ya mkono kwa shilingi 85,000: fimbo yenye nyuzi, nati mbili na visahani vya chuma vya saizi tofauti. Ukikaza nati kwa spana, kisahani kinaisukuma beringi ndani ya habu. Beringi yangu ni namba 6301, kipenyo cha nje milimita 37. Nachagua kisahani kinachokanyaga pete ya nje tu, kisichokwaruza habu.

Kwanza nilifuta uchafu wote mle ndani, nikapaka grisi nyepesi. Beringi ilianza kuingia upande. Nikalegeza nati, nikainyoosha kwa vidole, nikaanza upya. Sasa spana ikawa inazunguka kwa uzito uleule, taratibu, kisha ikagoma ghafla. Hapo imefika, usiongeze hata robo. Nilitia kidole, ikazunguka kimya kama imelowa mafuta. Huo mguso nyundo haikupi kamwe.

Kisha weka kile kibomba kinachokaa katikati ya beringi mbili za gurudumu, jamani! Beringi ya pili unaisukuma mpaka pete yake ya ndani iguse kibomba, basi. Ukikisahau, siku unakaza ekseli pete za ndani zinavutana na gololi zinabanwa.

Sasa imetimia miezi mitano, vumbi la barabara ya Majanji kila siku, na gurudumu halijalia. Nilichukua beringi zilizozibwa kwa mpira pande zote mbili, si kwa bati, kwa sababu ya vumbi hilo.

Kasoro zipo. Haina cha kung'olea, kwa hiyo beringi kuukuu bado naitoa kwa nondo na nyundo, na ikishagongwa hivyo hairudi tena. Nyuzi za fimbo ni laini, zipake grisi kila mara. Tena kisahani cha milimita 35 kwa beringi ya gurudumu la nyuma, namba 6202, hakikuwemo. Fundi wa kukereza vyuma alinichongea kimoja.