Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, Arusha: nilivyohudumiwa nikidai mshahara

Sisi wapishi wa kambi tunaofanya kazi na kampuni za utalii hapa Arusha tunaijua vizuri ahadi ya kipindi cha masika: vumilieni, msimu ukifunguka Julai mtalipwa malimbikizo yote. Mimi niliiamini kwa mishahara ya Machi na Aprili, nikaifikia Tume, ambayo wengi tunaiita CMA, mwishoni mwa Mei, wakati dai la Machi lilikuwa limebakiza siku nne tu. Kanuni za mwaka 2007 zinampa mdai siku 60 tangu mgogoro ulipotokea, na 30 iwapo anapinga kuachishwa kazi, kwa hiyo aliyekubali kusubiri Julai hujikuta akianza na maombi ya kuongezewa muda.

Huduma hailipiwi, na wakili si lazima. Mdai hujaza fomu namba moja, humpelekea mwajiri nakala, kisha hurudi na uthibitisho kwamba imepokelewa. Hapo ndipo penye kazi, maana bosi anayekwepa simu hukwepa na karatasi. Ya kwangu niliiwasilisha mapokezi asubuhi, yeye akiwa hajafika, ikagongwa muhuri.

Sikuwa na mkataba wa maandishi. Nilidhani hilo lingeniangusha, kumbe Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtwisha mwajiri asiyeweza kuonyesha maandishi mzigo wa kuthibitisha masharti ya kazi. Hata hivyo nilibeba taarifa ya M-Pesa iliyoonyesha mshahara ukiingia kila mwezi hadi Februari, na ndiyo iliyomaliza ubishi kuhusu kiasi.

Wenzangu wasichanganye: msuluhishi si hakimu. Katika siku 30 za usuluhishi hamwamuru mtu alipe. Mkishindwana, shauri huenda kwa mwamuzi, na tuzo yake, yaani uamuzi wake, hukaziwa, yaani hutekelezwa kwa nguvu ya sheria, Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi. Msuluhishi wetu alinieleza hayo kwa utulivu, bila kunisukuma upande wowote, nami nikakubali kulipwa kwa awamu mbili, ingawa kama nisingekuwa nadaiwa kodi ya nyumba ningeng'ang'ania nilipwe kwa mkupuo. Awamu ya pili iliingia katikati ya Julai, na wiki hiyo hiyo bosi alinipigia kuuliza kama niko tayari kwenda Serengeti.