Boksi la kadi za mafumbo ya ndiyo na hapana: tulivyolicheza Ramadhani

Nililipata Posta, kwa wale jamaa wanaopanga vitabu vya mtumba pembeni ya barabara. Shilingi 15,000 baada ya kubishana. Jina la boksi silitaji kwa sababu maboksi ya aina hii yako mengi na yanafanana: kadi 50 za Kiingereza, mbele kisa cha mistari miwili mitatu kisichoeleweka, nyuma maelezo ya kilichotokea. Mmoja anashika kadi na kusoma upande wa mbele. Waliobaki wanamuuliza maswali, naye anaruhusiwa kujibu ndiyo, hapana au haihusiani, basi. Wanaendelea hivyo mpaka kisa kifumuke. Hakuna kete wala ubao, na pointi hazihesabiwi.

Nilikuwa na wasiwasi kwamba nyumbani wataona ni vitendawili vya Kizungu. Si hivyo kabisa. Ukitega "nyumba yangu haina mlango", mtoto wa darasa la pili atakujibu "yai" kabla hujafunga mdomo, kwa sababu alishaambiwa. Kwenye kadi hizi anayejua jibu hana faida, inabidi akae pembeni anyamaze. Asiyejua ndiye anayecheza. Edward de Bono, daktari mzaliwa wa Malta aliyezipa jina fikra hizi za kupita pembeni, yaani kulitazama tatizo kwa upande usiotarajiwa, mwaka 1967, alisisitiza kwamba kuchimba shimo lile lile liwe refu zaidi hakukusaidii kama umechimba mahali pasipo sahihi. Niliwaelewesha shemeji na wapwa kwa maneno hayo, hawakujali. Walitaka kadi.

Tulizicheza usiku, baada ya tarawehe, kusubiri daku. Ya kwanza ilikuwa ile maarufu ya lifti, nikaihamishia Kariakoo. Mtu anaishi ghorofa ya kumi. Kila asubuhi anashuka kwa lifti mpaka chini. Jioni akirudi anapanda kwa lifti mpaka ya saba, kisha anamalizia kwa ngazi. Lakini siku ya mvua, au siku akiwa na mtu mzima mwingine ndani ya lifti, anafika nayo mpaka ya kumi. Kwa nini?

Shemeji ni fundi umeme, akalivamia. Lifti mbovu? Hapana. Anafanya mazoezi? Hapana. Ana mtu wake ghorofa ya saba? Hapana, na watu wakacheka sana kwa sababu mke wake alikuwepo. "Sasa shem, mvua ikinyesha si umeme unakatika? Hiyo lifti inapandaje?" Swali hilo halijibiki kwa ndiyo wala hapana, nikalikataa, akanuna.

Shangazi alikuwa kimya muda wote, anachagua mchele kwenye ungo. Ndipo akauliza, bila kuinua macho: "Huyo anayepanda naye, lazima wawe wanajuana?"

"Hapana, shangazi."

"Angekuwa mtoto mdogo, wa miaka mitatu, angefika naye juu?"

Hapo nilikwama kidogo, maana kadi haisemi, lakini jibu lilikuwa wazi. "Hapana."

"Na siku ya mvua anabeba mwamvuli?"

"Ndiyo."

"Basi mfupi huyo maskini, hafikii kitufe. Mwamvuli anabonyezea."

Maswali ya shemeji yaliyofeli ndiyo yaliyomfungulia shangazi njia. Ubovu wa lifti ulishatoka, mazoezi yalishatoka, hawara alishatoka, kikabaki kitu kimoja tu: yule mwenzake anamfanyia nini. Peke yangu ningekaa na kadi ile mpaka daku bila kupata kitu. Watu wanne mpaka wanane ndio wanafaa. Wawili tu ni kama mahojiano ya polisi, na wakizidi kumi kila mmoja anauliza lililokwisha kuulizwa.

Lakini mchezo mzima unasimama au unaanguka kwa mshika kadi. Mpwa wangu mmoja akishika kadi kila kitu "haihusiani", na ukimbana unagundua upande wa nyuma hajausoma vizuri. Mwingine hawezi kuficha uso; ukikaribia anaanza "eeh, hapo hapo!" na utamu umekwisha. Mpe kadi mtu mkavu, mzoefu wa karata. Na pigeni marufuku maswali ya kukanusha. "Hakuwa peke yake?" Ukijibu ndiyo, nusu ya watu wanaelewa alikuwa peke yake na nusu wanaelewa alikuwa na wenzake, kisha mnapoteza robo saa mkimtafuta mtu ambaye hayupo kwenye kisa.

Karatasi ya maelekezo haisemi mkishindwa mfanye nini. Sisi tuliazima sheria kutoka kwenye vitendawili vyetu: mshika kadi anasema "nipeni mji", anapewa, akiridhika anageuza kadi. Wapwa wakimpa Kibaha anakataa, anataka Dubai. Kujadiliana mji kulichukua muda kuliko baadhi ya mafumbo yenyewe, na sina malalamiko.

Malalamiko ninayo mawili. La kwanza ni maiti. Kadi nyingi mno zinaanza na mtu aliyekufa, na zipo zinazohusu watu waliojiua. Ipo hata ile ya mtu aliyeagiza supu ya ndege wa baharini hotelini, akaionja, akatoka kwenda kujiua. Ndugu yake shemeji aliyesoma Uchina aliijua papo hapo. Anasema kule inaitwa supu ya kasa, na vijana wanakutana kucheza mafumbo ya namna hiyo usiku kucha. Sawa, lakini mimi nina watoto wa shule ya msingi mkekani. Ukinunua, zipitie zote mwenyewe kwanza na uchomoe za namna hiyo.

La pili ni theluji. Kadi moja inasema kwenye nyasi za bustani vimelala vipande vitano vya makaa, karoti moja na skafu; hakuna aliyevitupa pale, lakini vimefikaje? Tulijadili mchoma mahindi. Tulijadili kachumbari. Tulijadili uchawi kwa muda mrefu. Kumbe watoto walifinyanga mtu wa theluji na theluji imeyeyuka. Dar es Salaam, joto linakutoa jasho saa sita za usiku, mtu atalipata wapi hilo? Jibu la fumbo linatakiwa likufanye ujipige kofi kwenye paji la uso. Hili lilitufanya tutazamane.

Jingine ni dogo. Kadi ikishajulikana imekufa, hairudiwi. Nilijaribu kuzisogezea maisha kwa kuzituma kwenye kundi la familia la WhatsApp, dada yangu wa Muscat akapenda sana, ila mtu mmoja alikuwa anagugo majibu na kujifanya ameyawaza. Tunamjua.

Kwa bei niliyolipa sijutii, ingawa jipya dukani kwa bei mara tatu nisingelichukua. Kanuni ukishaijua unaweza kutunga mwenyewe, na hapo ndipo shangazi alipotuacha mbali. Alisema kadi za kwenye boksi hazina akili, sikilizeni hii: watu wanane wamezunguka sinia. Chakula kipo, cha moto, wote wana njaa, hakuna aliyefungwa mikono, na hakuna anayekula. Mtu mmoja yuko mbali, hawaoni wala hawajui, akafungua mdomo wake. Wote wakala.

Wapwa waliipata upesi: mwadhini. Shemeji, ambaye saa chache nyuma alifuturu kwenye sinia lenyewe akiwa wa kwanza kunyoosha mkono kwenye tende, yeye aliuliza kama chakula kilikuwa na sumu.