miniSASS: kupima mto kwa wadudu, nimeitumia huku Moshi na haya ndo maoni yangu

Wakuu, kama unavua, unafuga samaki kwa maji ya mto au unakaa tu jirani na mto na unataka kujua kama maji bado yana uhai, kuna kipimo kinaitwa miniSASS, ni cha bure, kimetokea Afrika Kusini, na mimi nimekuwa nakitumia kwenye kijito kimoja huku Moshi kinachoshuka toka mlimani, kinapita kwenye migomba na kahawa mpaka kinaingia mjini. Kwa kazi ya kujua hali ya mto nakipa nyota 4 kati ya 5. Ila kwa swali la "samaki wa hapa analika?" sikipi nyota hata moja, maana hakikutengenezwa kujibu hilo, na hapo ndo watu wengi wanachanganya.

Kinavyofanya kazi: huhitaji kemikali. Unatafuta wavu mdogo (wangu nimeshona kwa kipande cha chandarua na waya), beseni jeupe, na ile karatasi ya picha unayopakua kwenye tovuti yao. Unaingia mtoni, unavuruga mawe kwa miguu huku wavu uko upande maji yanakoelekea, unapekua na majani ya kingoni, halafu unamwaga ulichopata kwenye beseni na kuangalia kuna nani. Kila kundi lina alama zake. Wanaotaka maji safi yenye oksijeni wana alama kubwa, kuna kidudu bapa chenye mikia miwili kinachojishika kwenye mawe, kile kina 17 peke yake, kuna wenye mikia mitatu na matamvua ya kupumulia ubavuni, baadhi yao wana 11, na wale wanaojijengea kinyumba cha mchanga au vijiti wana 9. Kaa 6, watoto wa kereng'ende wakubwa 6, konokono 4, ruba na minyoo 2 tu. Unajumlisha, unagawa kwa idadi ya makundi uliyoyapata. Mfano umepata minyoo, ruba, funza wa nzi, konokono na watoto wa kereng'ende wembamba, hiyo ni 2+2+2+4+4, jumla 14, gawa kwa 5, unapata 2.8, mto huo una hali mbaya kabisa. Mto wa mawe na mto wa mchanga vina jedwali tofauti kwa hiyo usisome la mwenzio.

Kwa nini naipenda kuliko vile vikaratasi vya kupimia pH (uchachu wa maji)? Kwa sababu kikaratasi kinakwambia maji ya dakika hiyo hiyo tu. Mtu akimwaga uchafu usiku, asubuhi umeshapita, pH iko 7 safi kabisa, unarudi nyumbani na furaha ya bure. Mdudu yeye anaishi pale wiki na miezi, akifa au akihama pengo linabaki. Na oksijeni ndo kila kitu hapa. Maji ya nyuzi 25 hata yakishiba yanabeba kama miligramu 8 tu kwa lita, samaki wengi wanataka 5 kwenda juu, sasa uchafu unaooza ukila tatu nne hapo samaki anabaki na nini? Kwenye kijito chetu, juu kwenye migomba unakuta wale wa nyumba za mchanga na kaa, chini ya pale wanapooshea magari wamebaki funza wekundu na ruba. Na kambale yupo! Watu wanasema mbona samaki wapo, mto mzima. Kambale anavuta hewa ya juu, anaishi hata kwenye tope, kuwepo kwake hakuthibitishi chochote.

Upungufu sasa. Alama zimepangwa kwa mito ya kwao, na huku kwetu hao wa alama 17 aina zao ni chache, kwa hiyo mto mzuri unaweza kupata wastani wa chini kuliko unavyostahili. Wataalamu walishaunda toleo la Tanzania linaitwa TARISS ila hilo linataka mtu aliyesomea. Dawa yake ni rahisi, linganisha juu na chini ya mto ule ule, usilinganishe Moshi na Durban. Pia usipime baada ya mvua kubwa, wadudu wanakuwa wamesombwa. Na tafadhali vaa gambuti na glovu ndefu, kichocho hakichagui mtafiti.

Mnakumbuka Machi 2022 Mto Mara ulivyogeuka mweusi na samaki kufa, kamati ya serikali ikasema ni kinyesi na mkojo wa mifugo pamoja na mimea kuoza vilivyomaliza oksijeni, wananchi wengi hawakukubali. Mimi nasema vijiji vya kando ya mto vingekuwa na rekodi ya wadudu ya kila mwezi, tungekuwa na cha kushika mkononi kwenye ule ubishi.

Kuhusu kula samaki. Zebaki ya wachimbaji wadogo, mfano Geita na Chunya, ikifika kwenye tope bakteria wanaibadilisha, inaingia kwa wadudu, samaki mdogo, samaki mkubwa, kila hatua inaongezeka. Mto unaweza kuwa na wadudu wote wazuri na minofu ikawa na zebaki. Kupima maji nako hakutoshi, kwenye maji unaweza kukuta kidogo sana, kwa hiyo inapimwa nyama yenyewe. EPA, mamlaka ya mazingira ya Marekani, tangu 2001 inatumia kikomo cha miligramu 0.3 za hiyo zebaki iliyobadilika kwa kilo ya nyama, na kwa madini ya risasi (lead), Codex, yaani viwango vya kimataifa vya chakula, nayo inasema 0.3. Kukaanga hakuiondoi zebaki, kutoa ngozi na mafuta kunapunguza sumu za aina ya DDT (dawa ya kuua wadudu) tu, zebaki imekaa kwenye mnofu. Mama mjamzito na watoto wa maeneo hayo wale samaki wadogo, wale wakubwa wanaokula wenzao wawaache.

Ukitaka uhakika ulizeni maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, mchange kijiji kizima maana gharama ya mtu mmoja inauma, pelekeni samaki wa aina moja wa saizi tofauti wakiwa kwenye barafu, na muandike wamevuliwa wapi.