Spreigani ya W-71 ya bei chee: nimeitumia, nimeifungua, maoni yangu haya hapa

Nianze na jibu maana kuna watu hawasomi mpaka chini. Kama unapiga laka fanicha, mageti, hata viraka vya rangi kwenye bodaboda, hizi spreigani (bastola za kupulizia rangi kwa upepo) za Kichina zilizoiga W-71 ya kampuni ya Iwata ya Japani zinafaa kabisa, ila siku hiyohiyo beba na seti yake ya spea, yaani nozeli (kitundu rangi inapotokea), sindano (inayokiziba na kukifungua) na kepu ya hewa (ile ya mbele inayotandaza rangi). Orijino ya Kijapani ni habari nyingine jamani tusidanganyane, ukiishika tu unajua, lakini na bei yake ukiisikia unajua. Hii ya kopi uzuri wake ni kwamba inafunguka yote na inatengenezeka na spea ziko kila kona Kariakoo.

Mi kazi zangu ziko Keko hapa Dar, vitanda, makabati, dresingtebo, kwa hiyo ninachopuliza sana ni sila (ya kuziba mbao kabla ya laka) na laka ya NC (ya nitroselulosi, inakauka thina ikiruka), mara mojamoja mteja anataka ile ya 2K ya kuchanganya na hadina, yaani dawa ya kuigandisha. Natumia ya kikombe juu, nozeli ya milimita 1.3, upepo naweka kama bar 3 na geji naisoma huku nimeminya triga, maana ukiisoma triga imeachiwa inakudanganya, ukianza tu kupuliza presha inashuka. Feni yake, yaani ule upana wa mpulizo, inafunguka vizuri, rangi inalala. Kwa pesa ile sina cha kudai zaidi.

Malalamiko yangu ni namna inavyotoka kwenye boksi. Imefungwa kihuni. Nilipoitia thina kwa mara ya kwanza kikombe kikaanza kutoa mapovu kama kinachemka, na hiyo maana yake hewa inapenya kwenye njia ya rangi, mara nyingi nozeli haijakazwa au pale inapokaa pamepasuka. Yangu ilikuwa haijakazwa, spana kidogo tu ikatulia. Sasa fikiria mtu asiyejua, anarudi dukani anagombana na muuzaji bure.

Baadaye ikaanza kutema, mara inatoa rangi mara inakata, pu pu pu, kabati la watu linapata madoa. Hapo kagua vitu rahisi kwanza kabla hujafungua chochote: kikombe kina rangi ya kutosha? Kale katundu ka kwenye kifuniko hakajaziba? Wengi hawajui kama kapo, laka ikikauka pale juu hewa haiingii na rangi haishuki. Kama pako safi basi angalia pakingi ya sindano pale nyuma ya triga, ikikauka inaruhusu hewa, tone la mafuta na kukaza nati yake kidogo panatosha. Lakini ukikaza sana inaishika sindano isirudi, halafu spreigani inadondosha matone hata umeachia triga, hapo unaanza kusema nozeli imekufa kumbe wewe ndo umeikaba.

Kipimo ninachokipenda kuliko vyote hakina gharama. Bandika kadibodi ukutani, piga mara moja fupi, angalia umbo. Kama limejikunja kama ndizi au limejaa upande mmoja, zungusha kepu ya hewa nusu mzunguko upige tena. Ubaya ukihama upande, shida iko kwenye kepu, ukibaki palepale shida iko kwenye nozeli au sindano. Yangu ilihama, nikaitoa kepu nikaitazama kwenye mwanga wa jua, tundu moja la kwenye pembe lilikuwa na gamba la laka dogo kuliko punje ya mchele. Nikaloweka kepu peke yake kwenye thina, nikasukuma na kijiti cha kuchokolea meno, kwisha. Usichokoe na waya wala msumari hata kama una haraka, yale matundu yamepimwa, ukiyapanua kidogo tu umbo halirudi tena mpaka ununue kepu nyingine.

Kwenye kuosha, kitu kinachoua hizi spreigani ni ile tabia ya kuzitumbukiza nzima kwenye kopo la thina zilale mpaka asubuhi. Pakingi zinaharibika, na ule uchafu uliolainika unaingia kwenye njia za hewa ambako haukuwepo. Mwaga rangi, tia thina kidogo, puliza mpaka itoke safi, halafu toa sindano kwanza ndo ufungue nozeli, usigeuze mpangilio, maana ncha ya sindano ikisuguana na nozeli unaharibu vyote viwili. Wakati wa kurudisha pakaza grisi kidogo kwenye springi na pale triga inapocheza, grisi isiyo na silikoni, kwani silikoni ikigusa kazi rangi inakimbia na kuacha vishimo.

NC ina huruma, ukisahau kuosha thina itailainisha hata kesho. 2K haina mchezo, ikishashikana humo ndani thina inapita tu juu yake, kwa hiyo osha kabla hata hujanywa maji. Na ukipuliza 2K vaa maski yenye filta za kazi hiyo, sio kitambaa, hadina ina kemikali za isosayaneti zinazoweza kukuletea pumu.

Nyota nne naipa. Moja naikata kwa sababu ya ule ufungaji wa kiwandani na pakingi zake laini.

Ukienda kununua omba uifungue hapohapo kaunta. Viringisha sindano juu ya kioo, ikiyumba haijanyooka. Chungulia nozeli kwenye mwanga, tundu liwe duara safi lisilo na vinyweleo vya chuma. Halafu funga, minya triga na uachie, sindano irudi yenyewe bila kusita. Muuzaji akikataa usifungue, nenda duka la pili.