Kidani cha kunzaiti: kizuri kweli, ila jua lisikione

Nimekaa nacho miezi 11 sasa kwa hiyo siongei kwa kusikia. Nilinunua seti, kidani na hereni zake, mawe yote kunzaiti, ile waridi yenye zambarau kwa mbaaali. Kilichoniteka ni kwamba ukilishika lile jiwe mbele ya taa ukaanza kuligeuzageuza rangi inahama, upande huu jeupe karibu kama maji, ukiligeuza kidogo tu waridi inakolea, na fundi aliyelikata kahakikisha ule upande uliokolea ndo unatazama juu, hapo nampa maksi zake zote.

Sasa shida. Kadi iliyokuja kwenye boksi imeandikwa vaa kila siku popote uendapo. Jamani! Kunzaiti na jua haviivi, mwanga mkali unaifubaza taratibu na rangi ikishaenda imeenda, ndo maana wenye uzoefu wanaiita jiwe la jioni. Mimi sikujua hilo nikawa nakitundika kidani kwenye msumari pembeni ya dirisha kila nikikivua, na kwa vile kinafifia kidogo kidogo wala huoni. Siku nikatoa hereni zilizokuwa zimelala kwenye boksi muda wote, nikaziweka sambamba nacho, nikaishiwa nguvu. Hereni waridi safi, kidani kama maji yaliyosuuzia glasi ya juisi.

Kadi hiyo hiyo inadai eti malkia wa kale walilivaa. Malkia gani tena wakati jiwe lenyewe limekuja kujulikana 1902 kule California, na 1903 ndo likapewa jina la George Frederick Kunz, yule mtaalamu wa vito wa Tiffany, kampuni ya vito ya Marekani? Na hayo ya kufungua moyo na kuvuta mapenzi, mie nimevaa miezi yote hiyo na yule mtu hajapiga simu.

Kuhusu uimara, kwenye kipimo cha Mohs, kile cha ugumu wa mawe kinachoishia 10, lipo 6.5 hadi 7, mikwaruzo linajitahidi, ila lina tabia ya kupasuka kwa kufuata uzi wake kama kuni kavu, ukiligonga vibaya kwenye sinki mara moja tu basi umelia. Ndo maana pete ya kuvaa kila siku siishauri kabisa, hereni na kidani sawa. Kusafisha ni maji ya uvuguvugu, sabuni isiyo kali na mswaki laini, hizo mashine za mtetemo na za mvuke mwambie sonara asithubutu. Na ulifunge kwenye kitambaa chake peke yake, usilichanganye na vito vingine.

Jiwe nyota 4, kadi nyota 0. Hereni nazivaa usiku tu, kidani sasa hivi nakivaa mchana kweupe maana hakina tena cha kupoteza.