Kisanduku cha vidonge cha wiki: tulivyokitumia na Mama hapa Chake Chake

Ninachokisemea ni kile kisanduku cha plastiki ambacho ndani yake mna vikasha saba vya kuchomoa, kimoja kwa kila siku, na kila kikasha kina vyumba viwili vyenye vifuniko. Jumla vyumba 14. Kaka yangu alikinunua Darajani, Unguja, kwa shilingi 12,000, akakipakia kwenye boti ya Pemba. Kampuni siitaji, maana vya namna hii vinatengenezwa na wengi na havipishani sana.

Mtumiaji ni mama yangu, na mwenyewe ameridhia niandike. Umri wake umepita miaka 70, ana presha na sukari. Anakunywa amlodipini na losatani za presha, metfomini na gliklazidi za sukari, pamoja na aspirini ndogo ya miligramu 75 aliyoandikiwa na daktari kwa ajili ya moyo. Dawa tano kila siku ya Mungu, na hakuna hata moja ya kuacha kwa sababu tu leo umeamka vizuri.

Zamani zilikaa kwenye vibahasha vya kaki, kila kibahasha na mwandiko wake: 1x1, 1x2. Mama alizijua kwa rangi. Tabu ni kwamba rangi haidumu. Mwezi huu amlodipini ni kidonge cheupe cha mviringo, mwezi ujao duka limeleta ya kiwanda chengine na sura yake nyengine kabisa, na dawa ni ile ile. Mzee anaiona ngeni, anaiweka pembeni. Au anabaki na ya zamani na mpya, anakunywa zote mbili akidhani ni dawa mbili.

Kisha linakuja lile swali ambalo kila mwenye mgonjwa nyumbani analijua: "Mwanangu, nimekunywa dawa yangu au bado?" Ukimwambia anywe, pengine ni mara ya pili, na gliklazidi ikizidi hushusha sukari: mtu hutoka jasho, hutetemeka, huchanganyikiwa, hata huzimia. Ukimwambia asinywe, pengine hajanywa, na presha inapanda wala hasikii chochote. Kwa kisanduku hiki unatazama tu. Vifuniko vinapenyeza mwanga, chumba kimejaa au ki kitupu, jawabu limepatikana. Kwa kazi hiyo peke yake kinastahili bei yake, na hapa kwetu kinafanya kazi hiyo vizuri sana.

Lakini si tangu siku ya kwanza, na hili nataka kulieleza kwa urefu kwa sababu sijaliona likielezwa na aliyekinunua.

Kisanduku kimechapishwa kizungu. Kikasha cha kila siku kina chumba cha asubuhi juu na cha usiku chini, yaani siku inaanza alfajiri na usiku ndio mwisho wake. Mama hahesabu hivyo. Kwake siku huingia magharibi. Alhamisi jua likishatua, huo ni usiku wa Ijumaa. Ndio usiku wa Yasini na uradi, na amehesabu hivyo maisha yake yote. Basi Alhamisi jioni, akiwa peke yake, alifungua chumba cha usiku kwenye kikasha cha Ijumaa. Wajukuu wanaosoma skuli walipomsaidia, walifungua cha Alhamisi. Kesho yake Ijumaa jioni mjukuu anatazama chumba cha Ijumaa, kitupu: "Bibi ameshakunywa." Hajanywa. Na ingetokea wote wawili wamempa jioni moja, kila mmoja kwa hesabu yake, angekunywa mara mbili.

Dawa yake ilikuwa kugeuza mpangilio. Tumebandika karatasi juu ya maandishi ya kiwandani, chumba cha juu kikawa cha usiku na cha chini cha mchana, kama siku zenyewe zinavyokwenda kwa Mama. Majina ya siku tumeyaandika kwa herufi za Kiarabu, kwa kuwa Mama amesoma chuoni, yaani chuo cha Kurani, na huzisoma bila ya taabu, na chini yake kwa herufi za skuli kwa ajili ya wajukuu. Juu ya karatasi tukapitisha utepe wa nailoni wenye gundi ili jasho la vidole lisifute wino. Nyumba nzima ikawa na hesabu moja. Kama una mzee wa hesabu hii, mwulize kwanza usiku wa Ijumaa ni upi ndipo umjazie dawa.

Faida nyengine sikuitarajia. Kisanduku kinaweka kumbukumbu. Wiki ikiisha unaona ni vyumba gani vilivyobaki. Kwa Mama vilikuwa vinabaki vya usiku, na hasa ule wa Ijumaa. Ule wa Ijumaa sababu yake nyepesi: alikuwa kwenye uradi, anakula huko huko, dawa ziko nyumbani. Siku hizi anachomoa kikasha kimoja tu, anakitia mkobani, na anakunywa akishakula. Za usiku mwengine zilikuwa na sababu yake. Metfomini ilikuwa ikimvuruga tumbo, kwa hiyo alikuwa akiiruka kwa makusudi bila ya kumwambia mtu. Tulichukua kisanduku kama kilivyo hadi kliniki ya sukari. Daktari hakumgombeza, aliviangalia vile vyumba, akamuuliza taratibu, akambadilishia akampa metfomini ile inayoachia dawa polepole, mara moja kwa siku pamoja na chakula cha jioni. Hiyo haivunjwi wala haisagwi, inamezwa nzima. Tumbo limetulia. Mwaka mzima wa kuulizwa "unakunywa dawa?" na kujibu "nakunywa" haukuwahi kulitoa jambo hilo.

Sasa kasoro. Kubwa kuliko zote kwa visiwa vyetu ni unyevu. Kidonge kikishatolewa kwenye karatasi yake ya bati kinabaki na hewa, na hewa ya Pemba wakati wa masika inarowesha hata chumvi kwenye kopo. Aspirini ndiyo inayoumia kwanza. Ikishika unyevu inavunjika, na unaijua kwa harufu: inanuka siki, kwa sababu mojawapo ya vinavyotoka humo ni asidi ile ile ya siki. Mfamasia wetu alitushauri tuiache kwenye bati lake, Mama aitoe wakati wa kuinywa. Wako wanaokata bati vipande vipande na kuvitia chumbani pamoja na kidonge. Kwa mzee asiyeona vizuri mimi sikubali, anaweza kukimeza na bati lake, na ncha zile zinakata koo. Nyengine zote tunajaza za wiki moja tu, mikono mikavu, na kisanduku kinakaa kabatini chumbani, si jikoni wala dirishani. Dawa nyingi zinataka joto lisizidi nyuzi 30, na kaskazi hapa ukiweka kitu dirishani unakijua mwenyewe. Kabla ya kutoa dawa yoyote kwenye bati muulize mfamasia, zimo zisizotaka kabisa.

Kasoro ya pili ni watoto. Vifuniko vinafunguka kwa kidole kimoja, jambo jema kwa Mama ambaye vidole vyake vina maumivu, na jambo la hatari kwa mjukuu wa miaka miwili. Kidonge kimoja tu cha aina ya gliklazidi kinaweza kumshusha mtoto sukari mpaka akapoteza fahamu. Kwetu kisanduku kiko rafu ya juu yenye komeo, na ufunguo anao Mama. Nyumba isiyokuwa na mahali pa juu pa kufunga isinunue hiki.

Ya tatu: kidonge kikishaingia humo hakina jina. Mgonjwa akikimbizwa hospitali ya Abdalla Mzee au ya Wete usiku, daktari ataona vidonge vyeupe vitatu na hatajua ni nini. Kwa hiyo mabati na maboksi hatuyatupi mpaka dawa iishe, maana ndiyo yenye jina, nguvu na tarehe ya kwisha, na picha zake nimezitia kwenye simu yangu na ya kaka. Vifuniko viwili navyo vimeanza kulegea. Chumba kilicholegea tunakipa siku ambazo Mama hatoki.

Kuna jambo moja kisanduku hiki kimelileta ambalo mimi nalipenda mno. Mama magoti yanamuuma, na majirani kwa huruma zao humletea diklofenaki. Dawa za namna hiyo hupandisha presha na huchosha figo, na kwa mtu anayekunywa losatani ndiyo mbaya zaidi. Tulikuwa tukibishana naye. Sasa nyumbani kuna kanuni: kisichokuwa na chumba chake hakinywewi mpaka mfamasia au daktari akubali. Mama mwenyewe ndiye anayewaambia majirani hivyo, na wanamsikiliza kuliko walivyokuwa wakinisikiliza mimi. Kwa magoti kliniki wamempa paracetamol. Mitishamba ya sukari pia inaingia kwenye kanuni hiyo, kwani ikikutana na dawa za hospitali sukari inaweza kushuka kupita kiasi.

Ramadhani tunabandika karatasi nyengine: daku na futari. Lakini karatasi hizo haziandikwi na sisi. Mama hupelekwa kliniki tangu Rajabu, daktari akasema kama afya yake inaruhusu kufunga, na akazipanga dawa upya. Gliklazidi yake ilihamishiwa futari, kwa sababu ukiila alfajiri na kushinda na njaa unaitafuta hatari. Tunapima sukari kwa kidole mchana. Ikishuka chini ya 3.9 au ikapanda zaidi ya 16.7 (kwa kipimo cha mmol/L), anafungua hapo hapo, hata kama adhana imebaki kidogo. Hilo alilikubali baada ya kuelezwa na daktari na sheikh wa mtaani kwetu pia.

Presha ya nyumbani, ambayo tunataka iwe chini ya 135/85, tunaipima asubuhi kabla hajafungua chumba: amekaa dakika tano, mgongo umeegemea, miguu chini, mkono umelala mezani usawa wa moyo, na hapana mazungumzo. Namba zimeshuka na zimetulia. Siwezi kukipa kisanduku sifa zote, maana amepunguza na ng'onda, yaani samaki wakavu wa chumvi, lakini dawa sasa zinanywewa.

Nakipa nyota nne kati ya tano. Mwenye dawa za mara tatu kwa siku atafute chenye vyumba 21, na wa mara nne vyumba 28; hiki hakitamtosha. Jaribu vifuniko kwa vidole vya mgonjwa mwenyewe kabla ya kulipa, na hakikisha vikasha vinachomoka. Chenye vifuniko vyeusi visivyoonesha ndani usikichukue. Kisanduku unaweza kukinunua popote, ila dawa za kukijaza zitoke hospitali au kwenye duka lililosajiliwa na Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar, na kwa mzee anayeanza leo, mwombe mfamasia akujazie wiki ya kwanza huku wewe na mgonjwa mkitazama.