TAHADHARI: Anayeuza "kibali cha kazi cha Kanada" hapa Kigoma anauza karatasi

Wana Kigoma wenzangu, hasa wazazi mlio na vijana waliomaliza kidato cha sita au chuo, naomba msome hii yote na mmtumie na jirani. Kuna mtu anazunguka Mwanga, Gungu na Ujiji, na sasa nasikia ameshafika Kasulu, anawauzia watu kibali cha kazi cha Kanada. Anajitambulisha kama wakala wa masomo ya nje. Ana ofisi ya kupanga ghorofani, kitambulisho chenye bendera ya Kanada shingoni, na maneno matamu kweli kweli.

Mimi nina steshenari Mwanga. Kazi yangu ni kuprinti, kuskani na kuwajazia watu fomu mtandaoni, kwa hiyo karatasi za watu zinapita mikononi mwangu kutwa nzima. Alikuja mzee mmoja wa Ujiji, mvuvi, akanipa simu yake: "Mwanangu, nitolee hii kwa rangi, uipige na laminesheni kabisa." Ilikuwa barua yenye jani jekundu juu, inasema mjukuu wake amepewa kibali cha kazi cha baada ya kuhitimu, miaka mitatu, mwajiri kiwanda cha nyama. Mzee alikuwa na furaha hata hajui aiweke wapi. Nikamuuliza, "Babu, huyu kijana alisoma chuo gani huko Kanada?" Akasema kijana hajawahi kutoka Kigoma, yupo nyumbani, ndiyo anajiandaa na safari.

Mwili ulinisisimka, kwa sababu siku chache kabla mama mmoja wa Gungu alikuwa ameniletea barua ya namna hiyo hiyo na nakala yake ilikuwa bado mezani. Nikaziweka pamoja mbele ya mzee. Namba ya faili ni ile ile. Tarehe ile ile, sahihi ile ile. Neno Ottawa limeandikwa kwa "t" moja kwenye zote mbili. Kilichobadilishwa ni jina na picha ya kijana tu. Mzee aliangalia muda mrefu, kisha akaniambia ameuza injini ya boti kupata hela hiyo. Alitoa 1,800,000 ya "kufungua faili", halafu akaombwa 650,000 ya "bima ya kibali", na wiki hiyo alikuwa anatafutiwa 400,000 nyingine ya "muhuri wa ubalozi". Hela zote zilitumwa kwenye namba ya simu ya mtu binafsi, na jina linalotokea siyo la yule aliyekaa ofisini.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana utapeli huu unashika watu kwa sababu kibali chenyewe ni cha kweli. Kanada kuna kibali cha kazi kwa wanafunzi wa kigeni waliomaliza masomo, wanafunzi wenyewe wanakiita PGWP. Mdogo wangu amekipata baada ya kumaliza chuo huko, nami nilimsaidia kukusanya nyaraka zake, kwa hiyo najua kinavyokwenda. Unaanza na kibali cha masomo. Unasoma Kanada kwenye chuo kinachotambuliwa, programu isiyopungua miezi 8. Ukimaliza na chuo kikakupa uthibitisho wa maandishi, unakuwa na siku 180 za kuomba. Ada ya serikali ni dola 255 za Kanada, kiasi kisichofika laki sita zetu, na inalipwa kwa kadi kwenye tovuti ya serikali yao. Programu ya chini ya miaka miwili inakupa kibali kinacholingana na urefu wa masomo yako, na ya miaka miwili au zaidi inaweza kukupa miaka mitatu. Tangu Februari 2024, shahada ya uzamili hata ikiwa fupi ya miezi 8 inaweza kupata hiyo miaka mitatu.

Kwa hiyo mtu ambaye hajasoma Kanada hawezi kukipata. Hakuna njia ya mkato, hakuna mjomba ubalozini. Na masomo ya mtandaoni uliyoyafanya ukiwa umekaa Katubuka hayahesabiki. Nasema hivyo kwa sababu huyu bwana ana mtego wa pili: ukimwambia mwanao hajasoma huko, anakuuzia "kozi ya wiki sita kwa njia ya simu" ya chuo cha Kanada, eti ukimaliza kibali kinatoka. Uongo mtupu.

Kitu kingine kilichoniuma kwenye ile barua ni huyo mwajiri. PGWP ni kibali cha wazi, hakikufungi kwa mwajiri mmoja na wala huhitaji kuwa na ofa ya kazi ili ukiombe. Ukiona karatasi inayoitwa hivyo na ndani yake kuna kiwanda, shamba au hoteli iliyokuajiri, aliyeitengeneza hata hakujua anachokighushi.

Nimeambiwa pia kwamba anawauzia vijana matokeo ya mtihani wa Kiingereza bila kufanya mtihani. Hapa nawasihi sana. Ni kweli kwamba tangu tarehe 1 Novemba 2024 anayeomba kibali hicho lazima aoneshe matokeo ya mtihani wa lugha, Kiingereza au Kifaransa. Lakini ukikamatwa umepeleka nyaraka ya uongo Kanada, unaweza kufungiwa kuingia miaka mitano, na anayefungiwa ni mwanao, siyo wakala. Mwaka 2023 mamia ya wanafunzi kutoka India walijikuta matatani huko kwa barua za udahili za kughushi walizotengenezewa na mawakala wao, na wapo waliokuwa wameshamaliza masomo na kuanza kazi ndipo mambo yakafumuka. Baada ya hapo Kanada ikaweka utaratibu kwamba kila barua ya udahili inathibitishwa na chuo chenyewe kabla kibali cha masomo hakijatolewa. Karatasi ya kutengenezwa kwenye kompyuta ya ghorofani Mwanga haivuki hapo.

Na nyie vijana wetu mlio tayari huko nje, msidhani hili haliwahusu. Kwenye magrupu ya WhatsApp ya Watanzania wanaokaribia kuhitimu kuna watu wanatoa ofa ya "kuongezewa PGWP ya pili" kwa malipo. Kibali hicho kinatolewa mara moja tu katika maisha. Uingereza nako mambo ni wazi: viza ya wahitimu ni miaka miwili, mitatu kwa mwenye uzamivu, na kwa watakaoomba kuanzia Januari 2027 itashuka kuwa miezi 18 kwa wasio na uzamivu. Lazima uombe ukiwa ndani ya Uingereza. Mtu akikwambia atakuombea wewe ukiwa Kigoma, mwache aendelee na safari zake.

Kuhakiki ni rahisi kuliko watu wanavyofikiri. Kwa Kanada, anayeruhusiwa kukuwakilisha kwa malipo kwenye mambo ya uhamiaji ni mwanasheria wa huko, mthibitishaji wa hati wa jimbo lao la Quebec, au mshauri aliyesajiliwa na bodi yao ya washauri wa uhamiaji, ambayo rejista yake iko wazi mtandaoni. Unaandika jina, linatokea au halitokei. Hapa kwetu, mawakala wanaopeleka wanafunzi vyuo vya nje wanatakiwa wawe wametambuliwa na TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, na TCU hiyo hiyo ndiyo inayotoa hati ya kutokuwa na pingamizi kwa anayekwenda kusoma nje. Mwulize wakala wako cheti cha TCU. Huyu wa kwetu alipoulizwa na yule mama wa Gungu alisema "kipo Dar". Mwulize pia barua pepe ya serikali ya Kanada imetoka wapi: anuani zao huishia na gc.ca, hazitoki Gmail.

Kama umeshalipa, usimpe hata shilingi ya "kumalizia". Usifute meseji wala miamala hata kama unaona aibu nyumbani, maana huo ndio ushahidi wako. Nenda polisi nayo yote, utaje na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015. Namba ya simu ya huyo tapeli itume kwa meseji kwenda 15040, namba ya kuripoti utapeli wa simu, ili ishughulikiwe. Kama amebaki na pasipoti ya kijana wako, hilo liseme kwanza kabisa pale kituoni; pasipoti ni mali ya serikali na hana ruhusa ya kuishikilia. Mzee wa Ujiji tayari ameandikisha maelezo, na mama wa Gungu naye. Wengine mnaogopa kuchekwa mtaani, nawaelewa, lakini kadiri malalamiko yanavyokuwa mengi ndivyo inavyokuwa vigumu kwake kusema ni ugomvi wa mtu mmoja.

Jina lake sitaliandika hapa kwa sababu shauri liko polisi na sitaki kuliharibu. Mwenye barua ya kibali au ya udahili ambayo haielewi aje nayo pale steshenari Mwanga, nitaisoma naye na kuilinganisha na hizi nilizonazo. Silipishi. Walioko Kasulu na Buhigwe nitumieni picha ya barua inbox, ila mfunike namba ya pasipoti kwanza.